Nimelipia bendi ya gwaride mwaka mzima: haya ndiyo niliyonunua

Nianze na malalamiko, maana ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike. Nimelipa ada ya bendi dola 480. Nikalipa viatu, glavu, fulana mbili na dumu la maji. Ijumaa ya kwanza ya mechi nafika getini, naambiwa tiketi dola nane. Nikamwambia yule mama wa getini kwamba mwanangu yumo mle ndani, ndiye anayekuja kuwatumbuiza. Akatabasamu vizuri kabisa, akanipa hongera, kisha akasema dola nane.

Basi hii ni tathmini yangu. Mimi ni mama wa Kitanga, naishi pembeni ya jiji la Houston, Texas, na binti yangu kamaliza mwaka wake wa kwanza kwenye bendi ya gwaride ya sekondari, ile ambayo wenyewe huku wanaiita machingi bendi. (Nilipomtajia dada yangu kwa simu, akauliza, "Kumbe machinga wana bendi siku hizi?") Nawaandikia wazazi wenzangu walioko Marekani, hasa ninyi ambao mtoto wa darasa la sita karudi na karatasi ya kuchagua ala, na mnataka kusaini bila kujua mnasaini nini. Shule siitaji. Ina mazuri yake na kero zake, na mtoto bado ana miaka mitatu ya kusoma pale.

Kwa aliyezoea matarumbeta ya harusi, yale ya kupanda nyuma ya pikapu na kuzunguka mji mzima wakisindikiza maharusi, afute hiyo picha kichwani. Afute nusu tu, kwa sababu kelele na furaha ni zilezile. Hapa ni watoto wapatao 180, wa miaka 14 hadi 18, wanaoingia uwanja wa mpira wa Kimarekani wakati wa mapumziko na kucheza onyesho la kama dakika saba. Wanapiga bila karatasi, yote iko kichwani. Wanapiga huku wanatembea, na mara nyingine wanatembea kinyumenyume, na miguu yao inachora maumbo ambayo aliye chini hayaoni. Lazima ukae juu jukwaani. Wengine hawana ala kabisa, wana bendera kubwa na bunduki za mbao ambazo wanazirusha juu, zinazunguka hewani, wanazidaka. Mbele, pembeni ya mstari, kuna marimba kubwa kuliko kitanda changu, na wapigaji wake hawatembei.

Mpira wenyewe sijauelewa mpaka leo. Wanasimama muda mrefu kuliko wanaocheza.

Kila mtoto wa bendi ana nukta yake. Hilo ndilo neno lao, nukta, na ukilielewa umeelewa karibu kila kitu. Uwanja una yadi 100, umepigwa mstari kila baada ya yadi tano, na kati ya mstari na mstari wanapiga hatua nane, si saba wala tisa. Hesabu inakuja inchi 22 na nusu kwa hatua, kama sentimita 57, mrefu hatua hiyo na mfupi hatua hiyohiyo. Mtoto anapewa orodha ya mahali pake kwa kila umbo, ambalo wenyewe wanaliita seti: umbo la kwanza simama hatua mbili nje ya mstari wa yadi 35, umbo la pili nenda pale, hatua kumi na sita, umbo la tatu rudi. Maumbo yanafika mengi tu, na yote anayakariri pamoja na muziki.

Binti yangu ni mfupi, katufuata sisi. Agosti nzima alibandika utepe wa karatasi kwenye korido ya nyumba yetu ili mguu wake uzoee ile hatua ya inchi 22 na nusu. Nikipita na kapu la nguo, nasikia, "Mama, usipite hapo, umenivunjia seti." Nyumba nailipia kodi mwenyewe, jamani, lakini nikawa natembea ukutani kama mjusi.

Sasa ala, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopotelea. Huku Texas watoto wengi huanza bendi darasa la sita. Wangu alichagua klarineti, ala ya kupuliza kama zumari, nami nikaenda kwenye duka la muziki nililoelekezwa. Wakanipa mkataba wa kukodi hadi iwe yako, dola 34 kwa mwezi. Ukisikia dola 34 unaona si kitu. Baada ya miaka mitatu nikakaa na kikokotoo: dola 1,224. Wiki hiyohiyo nikaona klarineti ya aina ileile, imetumika kidogo, kwenye duka la vitu vya rehani kwa dola 350. Nilirudi dukani kuwauliza. Kijana akanieleza kwa upole kwamba ndani ya ile bei kulikuwa na bima na matengenezo. Matengenezo niliyapata mara moja, walibadilisha kipande cha kizibo. Huduma ya tabasamu nyota tano, mkataba nyota moja.

Kisha alipoingia darasa la tisa, mwalimu wa bendi akamwita. Klarineti walikuwa wamejaa, na wa tuba, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, wamepungua. Akamuuliza kama angependa kujaribu. Mtoto wangu, ambaye hakuwahi kukubali kitu chochote kipya tangu tulipotua nchi hii akiwa na miaka tisa, akasema ndiyo. Klarineti ya dola 1,224 iko juu ya kabati hadi hivi ninavyoandika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: chagua ala kubwa. Hapa kwetu filimbi, klarineti na tarumbeta mzazi anajitafutia, lakini tuba na wenzake wakubwa ni mali ya shule. Mimi nalipa dola 75 kwa mwaka za utunzaji, basi. Na mtoto hawezi kuisahau kwenye basi, haisahauliki.

Tuba ya kutembea nayo inaitwa susafoni. Unaiona imezungushwa mwilini kama chatu, inakaa bega la kushoto, na mdomo wake mpana umeelekea mbele juu ya kichwa. Ilitengenezwa Philadelphia mwaka 1893 kwa matakwa ya John Philip Sousa, ndiyo maana ikachukua jina lake, na huyo bwana kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa bendi ya wanamaji wa Marekani, Marine. Ya shaba ni mzigo wa mtu mzima. Za shule yetu ni nyeupe, za faiba, faiba hiihii ya boti, nyepesi zaidi, ingawa bega la mwanangu mwezi wa kwanza lilikuwa na alama nyekundu kama kamba ya begi la mahindi. Nilimshonea kipande cha sponji. Sasa hakitumii tena, anasema kinampa aibu.

Niliposoma lile neno Marine nilicheka peke yangu. Wa Tanga na wa pwani nzima wenye wazee wanajua kwa nini. Babu yetu alikuwa akitusimulia habari za beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za wazungu, ikateremka hadi kwetu, ikaenea bara wakati wa vita ya 1914. Jina lenyewe la beni ni bendi. Walikuwa na sare, vyeo, ngoma kubwa na gwaride la mtaani, na walikuwa na pande mbili zinazoshindana: Marini, waliojiona waungwana, na Arinoti, ambao Marini waliwadharau kuwa watu wa kuja. Mombasa walikuwa na Kingi na Skochi. Watu waliuza mali zao kwa ajili ya sare na karamu za kuushinda upande mwingine. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba bendi ya gwaride ni mambo ya Wamarekani tu. Babu angekaa kwenye lile jukwaa la chuma, angepewa mtungi wake wa kahawa, na angeelewa kila kitu kabla yangu, pamoja na kwa nini nimelipa dola 480.

Nikirudi kwenye vifaa. Viatu vyao ni vyeusi, vyepesi, kisigino kimechongwa mviringo, kwa sababu hatua ya gwaride inaanza kisiginoni na kubingirika hadi vidoleni, ili kifua kisitikisike na sauti isikatike. Wazo zuri. Dola 42. Tulivinunua Julai, Oktoba vikambana. Kwa kuwa uwanjani wote lazima wafanane, huwezi kumvalisha kingine. Chukua saizi moja zaidi na soksi nene, mimi hakuna aliyeniambia. Nyota mbili.

Dumu la maji, galoni moja, dola 14 supamaketi: nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningeipa. Kambi ya bendi inaanza kabla shule hazijafunguliwa, mwanzoni mwa Agosti, na Agosti ya Houston ni joto la nyuzi 37 lenye unyevu wa pwani lakini halina upepo wa pwani. Watoto wanatembea juu ya lami ya maegesho asubuhi nzima. Siku ya pili binti yangu alirudi, akalala sakafuni sebuleni na viatu, akasema, "Mama, usiniongeleshe." Nikajua kesho haendi. Saa kumi na mbili asubuhi nikitoka zamu ya usiku pale nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nikamkuta kakaa kibarazani na dumu lake, ananisubiri nimpeleke.

Sare shule inatoa, inafuliwa na kamati ya wazazi. Suala la hijabu ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo lililokwisha haraka kuliko yote. Nilimwandikia mwalimu barua ndefu yenye aya nne. Alinijibu mstari mmoja: hijabu nyeusi, isiyo na mapambo, iingie ndani ya kola, kofia itakaa juu. Kofia yenyewe ni ndefu yenye unyoya, na mwanangu ameniambia inakaa imara zaidi kichwani kwake kuliko kwa wenzake wenye nywele laini.

Chakula ni habari nyingine. Kabla ya mechi watoto wanalishwa, na wanalishwa piza ya nguruwe Ijumaa baada ya Ijumaa. Niliwaambia kamati. Wakaomba radhi, wakaleta piza ya jibini moja kwa watoto 180, ikaisha kabla mwanangu hajafika kwenye foleni. Sikugombana. Ijumaa iliyofuata nilipeleka sufuria ya pilau ya kuku na kachumbari, kwa ajili ya wapiga susafoni wanane tu. Watoto wale hawakuwa wamewahi kuona iliki nzima kwenye chakula. Mmoja aliitafuna, akasimama, akauliza kama imeharibika. Wakamaliza sufuria. Tangu siku hiyo naitwa Mama Tuba, na sufuria yangu ina zamu kwenye ratiba ya kamati. Ukitaka kujua bendi inamuuzia mzazi nini, inamuuzia kazi. Nimeuza nachos, zile chipsi za mahindi zenye jibini, kwenye kibanda cha uwanjani, nimeuza madumu ya unga wa biskuti kazini kwangu hadi manesi wakawa wananikwepa kwenye korido, nimesukuma marimba kupanda rampu ya lori. Mimi, ambaye miaka mitano hapa nilikuwa najua jirani mmoja.

Muda: hapo nawaonya. Kuna kanuni ya jimbo kwamba shule ikishafunguliwa, mazoezi nje ya saa za masomo yasizidi saa nane kwa wiki. Saa nane unaziona chache. Hazihesabu kipindi cha bendi ndani ya ratiba, wala mechi ya Ijumaa, wala safari. Ukijumlisha, mtoto humwoni kuanzia Agosti hadi Novemba. Mechi ya ugenini nilimpokea shuleni saa saba kasoro usiku, amelala wima. Na muziki ni uleule, dakika saba zilezile kwa miezi minne. Mimi mwenyewe nimeikariri sauti ya chini yote, naiimba nikipika. Kwa mtoto anayetaka kujifunza muziki kwa upana, msimu huu wa gwaride ni mwembamba. Mwalimu mwenyewe anakiri, anasema upana unakuja Januari, wanapokaa kwenye viti. Faida moja ya pembeni: bendi ya msimu wa gwaride inahesabiwa kama somo la michezo, kwa hiyo kipindi kimoja kinapona.

Sasa nije kwenye kile ambacho sikukiona kwenye orodha ya malipo.

Binti yangu shule ya kati alikuwa anakula chakula cha mchana maktaba. Nililijua hilo kwa bahati mbaya, kupitia mwalimu wa maktaba aliyenisifia jinsi anavyopenda vitabu. Hapendi vitabu kiasi hicho. Alikuwa anakimbia ukumbi wa chakula, kwa sababu akifungua mdomo watu wanamwambia arudie. Sekondari aliyoingia ina wanafunzi karibu elfu tatu. Lakini kwa kuwa kambi ya bendi inatangulia, siku ya kwanza ya masomo alishuka kwenye gari, na kabla sijaondoa mguu kwenye breki nikasikia mtu anamwita kutoka ng'ambo ya maegesho. Hakumwita kwa jina. Alimwita "Tuba!" Akageuka. Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka mbele ya mlango wa shule.

Mchana wanakula kwenye chumba cha bendi, sakafuni, migongo kwenye makabati ya ala. Nimekiona chumba hicho. Kinanuka soksi na mafuta ya valvu, vile vitufe vya ala, na kuna kochi ambalo sitakaa hata kwa kulipwa. Ukiwauliza watoto bendi ni nini kwao, hawajibu maswali ya namna hiyo, wanakwambia habari za kochi.

Oktoba ikaja jiometri. Texas ina sheria ya tangu 1984, nami naitafsiri hivi: hujafaulu, huchezi. Mwisho wa kipindi cha alama ukiwa chini ya 70 kwenye somo, unakaa nje wiki tatu. Mazoezi unafanya, lakini mbele ya watu hupandi. Inawahusu wa mpira, wa maigizo, na wa bendi. Mwanangu alipata 67.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa mtoto, si kwa sheria. Nikamwambia hayo ndiyo matunda ya kutembea na chatu begani usiku. Hakunijibu. Ijumaa hiyo akaomba twende mechini pamoja, akae na mimi jukwaani. Akavaa fulana ya bendi. Nikalipa dola nane zangu, na nane zake.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kabla ya onyesho, bendi inajipanga mbele ya jukwaa na kupiga wimbo wa shule, na midomo ya zile susafoni nane imefunikwa vitambaa, kila kimoja na herufi moja kubwa. Zikisimama kwa mpangilio zinasomeka PANTHERS, ndilo jina la timu. Yeye ni T.

Usiku ule zilisomeka PAN HERS.

Hawakusogea kuziba. Waliacha pengo la mtu mmoja, la upana uleule, na watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kucheka na kuuliza hiyo panhers ni nini. Kisha onyesho likaanza, wale saba wakatembea upinde wao, na upinde ule ulikuwa na jino lililong'oka. Kila umbo walilochora, kulikuwa na mahali hapana mtu. Nilimtazama pembeni. Miguu yake ilikuwa inakwenda chini ya kiti, kushoto, kulia, kisigino kwanza, na vidole vinabonyeza valvu kwenye paja lake. Alipiga onyesho zima akiwa amekaa. Dakika zote saba. Machozi yalimtoka, lakini hakukosa hesabu.

Baadaye nilimuuliza msichana kiongozi wao, wa darasa la kumi na mbili, kwa nini hawakusogea. Nilidhani mwalimu aliwaamuru, kama adhabu. Akanishangaa. "Hapo ni kwake, mama yake," akasema, kama mtu anayeeleza kwamba kiti cha mbele ni cha dereva. Halafu akaniomba ruhusa amfundishe jiometri. Wiki tatu, kila mchana, kwenye lile kochi. Yule binti anataka kusomea uhandisi, na anafundisha kwa kutumia ramani za gwaride: huu upinde ni sehemu ya duara, kitovu chake kiko wapi, wewe uko hatua ngapi kutoka kwenye kitovu? Mwalimu wa hesabu hakuwahi kumfikia mwanangu kwa njia hiyo. Mimi ndiyo kabisa.

Mashindano ya mkoa akayakosa, yaliangukia ndani ya zile wiki. Majaji huko hawapangi mshindi, wanatoa daraja kuanzia moja hadi tano, na moja ndiyo juu. Shule ikapata moja. Wale wa kwenda mbali wanafika hadi San Antonio, ndani ya uwanja wa Alamodome, na bendi kubwa za nchi nzima zinakutana Indianapolis mwezi Novemba; sisi hatukufika huko, na kusema kweli gari langu lilishukuru. Watoto waliporudi na daraja lao walimletea utepe. Akaukataa. Akasema hakutembea. Wakaufunga kwenye susafoni yake bila kumuuliza.

Alama zake za marudio zilikuwa 81.

Kwa hiyo nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya viatu, mkataba wa klarineti, na lile geti. Na jambo moja la mwisho kwa wenye mifuko kama yangu: shule nyingi zina mfuko wa kuwasaidia walioshindwa ada, lakini hawautangazi, ni lazima uulize. Mimi niliuliza mwezi wa tatu wa kulipa, nikapunguziwa. Kama ningeuliza Julai ningekuwa na dola 160 zaidi.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa ya kuwaaga wa darasa la kumi na mbili. Yule kiongozi wa tuba alilia kabla, wakati na baada, na tuba ukilia huwezi kupiga, inatoa sauti ya nyati. Nilirekodi yote kwa simu, mkono ukinitetemeka kwa baridi, nikamtumia dada yangu Tanga. Huko ilikuwa asubuhi. Nikamwambia atafute herufi T, wa nne kutoka kushoto.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha ikaja sauti yake, na nyuma yake jogoo wanawika.

"Nimetazama mara tatu. Wote wametangulia mguu wa kushoto, huyo wa T katangulia wa kulia. Ndiye wetu?"

Nikamjibu, ndiye.